Nilipokaa Mdomoni mwa Kisima

Kabla zimamoto hawajaja kwangu kwa msiba, walikuja mtaani kwetu kwa ajili ya punda. Punda wa muuza maji alitumbukia kwenye shimo la choo ambalo mwenye kiwanja alilichimba akaliacha wazi, akakwama mle, masikio tu yanaonekana. Sisi tulijua kazi ya zimamoto ni moto. Tulingoja tuone watamwagia nini maji. Wakaja watu wanne na mikanda na kamba na vyuma vitatu virefu, wakavisimamisha juu ya shimo kama mafiga, wakamfunga punda tumboni na kumpandisha taratibu, miguu inaning'inia. Mtaa mzima ulicheka. Mimi nilisema kwa sauti, ili wasikie: "Miaka yote hiyo mmesomeshwa, kumbe ni kuzalisha punda."

Mmoja wao alikuwa msichana mwembamba, tope limemfika kiunoni. Akanigeukia, akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, bibi."

"Hiyo hujaiweza. Nisalimie kwa Kiswahili."

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Leo punda, bibi. Kutoka barabarani mpaka hapa nimehesabu mashimo kumi na moja. Hayo yote yanangoja."

Hakucheka aliposema. Sikulipenda neno lile. Mtu hatabiriwi shimo akiwa amesimama kwake.

Lakini mashimo yalikuwepo, siwezi kumsuta. Nilipoolewa nikatoka Haneti kuja hapa, hapakuwa mtaa. Palikuwa na mawe na miiba, na mji wa Dodoma tuliuona kwa mbali kama kitu cha watu wengine. Nikaponda kokoto hapa miaka mingi, nikalea wana wawili kwa nyundo. Kisha mji ukatufuata wenyewe. Viwanja vikapimwa, nyumba zikaota, bomba likaletwa mpaka kwenye kona, likatoa maji mwezi mmoja, halafu likaanza kutoa upepo. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja akachimba kisima. Asiye na pesa ya mashine alichimba kwa sururu.

Haukupita mwezi, wale zimamoto wakarudi. Mwenyekiti wa mtaa alipita akiita watu waende uwanja wa shule Jumamosi. Tulikwenda kwa sababu ilisemekana kutakuwa na soda. Yule msichana mwembamba ndiye aliyesimama mbele. Akawasha mtungi wa gesi mpaka ukatoa ulimi wa moto, akaufunika kwa blanketi lililoloweshwa maji, ukafa. Akamwita mke wa mwenye mashine ya kusaga, jirani yangu, naye akafunika, akapigiwa vigelegele. Halafu akasema habari ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba, namna watu wa huku wanavyoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango, asubuhi hawaamki.

"Mkaa hauna moshi," alisema, "ndiyo maana mnauamini. Ile hewa yake haina harufu wala rangi. Inakulaza, na unalala kwa raha."

Hilo tulikuwa tunalijua. Kila mmoja pale alikuwa na jirani au ndugu aliyelala hivyo.

Mwisho akasema la visima. "Mtu akishuka shimoni akanyamaza, wa pili asishuke. Hata awe nani wake. Tupigieni simu. Mkitungoja, chukueni matawi yenye majani mengi, yafungeni kwenye kamba, yashusheni na kuyapandisha, hewa itikisike. Lakini mtu asishuke."

Nikanyoosha mkono. "Binti, wewe unatoka wapi?"

"Mbali kidogo, bibi."

"Kwetu ndugu haachwi shimoni. Labda huko kwenu."

Watu wakapiga makofi. Yeye akaniangalia. "Bibi, mimi nimewahi kupandisha watu watatu kutoka shimo moja. Wa kwanza alishuka kufuata ndoo. Wale wawili walimfuata yeye."

Makofi yakaisha. Soda zikagawiwa.

Mwanangu mkubwa alianza kuchimba kisima chetu mvua zilipokwisha. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Mdogo wake ndiye aliyekaa juu kwenye roda, akivuta ndoo ya udongo. Kwetu Haneti, tulipochimba maji ya ng'ombe kwenye mchanga wa mto, ilikuwepo desturi, nami niliwafundisha wanangu wote wawili: kila ndoo inapofika juu, aliye kwenye kamba anaita, "Uko?" Aliye chini anajibu, "Niko!" Ndoo haishuki tena bila jibu. Baba yangu alisema aliyeshika kamba ndiye aliyeshika roho ya mwenzake. Basi mchana kutwa nikipika nilisikia hivyo. Uko? Niko. Uko? Niko. Mke wa mkubwa alikuwa akimwogesha mwanawe, na mtoto naye akawa anajibu, "Niko!"

Walipofika pima saba wakakuta mwamba. Sururu ikawa inatoa cheche tu. Mkubwa akapanda juu kwa vile vidato alivyokuwa amechonga ukutani, akakaa chini, akatazama mikono yake.

"Mama, hapa tumefika mwisho."

Nikamwambia hakuna mwisho. Mimi nimepasua mawe maisha yangu yote, na jiwe lisilosikia nyundo linasikia moto. Tunalipangia kuni na matairi juu yake, linawaka mpaka liive, likipoa linapasuka lenyewe vipande vipande. Wanawake wote wa kokoto wanajua. Nikamwambia ashushe moto.

"Kuni zitatoa moshi mtaa mzima," alisema. "Yule mzee wa mashine atakuja kugomba."

"Basi tia mkaa. Mkaa hauna moshi."

Maneno hayo nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nilikuwa nimekaa uwanja wa shule nikasikia habari za mkaa kwa masikio yangu, na nikayasema. Ukiniuliza nilifikiri nini, nitakwambia: nilifikiri chumba kina mlango wa kufungwa, kisima kiko wazi juu kinatazama mbingu. Nilidhani hewa mbaya itapanda iende zake kama moshi. Hakuna aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, tena kwa uhakika.

Tulishusha magunia mawili ya mkaa siku ya Jumatatu. Ukawaka usiku kucha. Ukiinama juu uliona jicho jekundu chini kule. Jumanne tulisikia mwamba ukilia, pa! na baada ya muda, pa! Mkubwa akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka, na nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimesema kweli kuhusu jiwe.

Jumatano asubuhi aliinama mdomoni mwa kisima, akanusa.

"Mama, njoo unuse. Hakuna kitu."

Nikainama nikanusa. Kweli, hapakuwa na harufu yoyote. Palikuwa na joto kidogo tu, kama la mtu aliyesimama karibu yako.

Akashuka. Kamba tulikuwa nayo moja, ya ndoo, kwa hiyo hakujifunga. Mdogo wake akaita, "Uko?"

"Niko! Limepasuka lote! Lete ndoo!"

Ndoo ikashuka, ikapanda na mawe meusi.

"Uko?"

"Niko."

Ndoo ya pili ilikaa sana. Ilipopanda ilikuwa na jiwe moja tu.

"Kaka, umechoka mapema hivyo? Uko?"

"Ni... niko, niko, niko," akajibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelewa. Mwanangu hakuwa mlevi. Nilikuwa napepeta mahindi. Ungo ulinitoka mkononi.

"Uko?" mdogo akaita. Halafu kwa nguvu: "Kaka! Uko?"

Kisima hakikujibu.

Mdogo akaanza kuvua viatu. Alivua kimoja, cha pili hakuhangaika nacho, akaushika ule mti wa roda ili ashushe miguu kwenye kidato cha kwanza. Sijui nilifikaje pale. Ninachojua ni kwamba nilimsukuma akaanguka chali, nikakaa mimi juu ya mdomo wa kisima, kwenye magogo mawili yaliyolazwa, miguu yangu inaning'inia ndani, na mikono nimeukumbatia mti wa roda.

"Mama, toka!"

"Hushuki."

"Kaka yuko chini, mama!"

"Najua aliko. Nilimzaa mimi. Hushuki."

Nikampigia kelele mkwe wangu apige simu ya zimamoto. Simu ikamwanguka mara mbili. Nikamsikia akielekeza: mtaa mpya, nyuma ya mashine ya kusaga, hapana, barabara haina jina. Nikamwambia amtume mtu wa bodaboda akawapokee barabara kubwa, la sivyo watazunguka mpaka jioni. Akaenda kijana wa kijiweni.

Watu wakajaa. Hapo ndipo nilipojua majirani zangu. Mzee wa mashine alikuja mbio, unga umemjaa kichwani.

"Wallahi huyu bibi ana kichaa! Muondoeni! Mtoto anakufa!"

"Mwanamke gani anakalia kaburi la mwanawe?"

"Ni mchawi. Nilisema siku nyingi."

"Bibi, toka! Tuna wanaume hapa!"

"Wanaume wangapi?" nikawauliza. "Niambieni idadi, nimwambie zimamoto alete machela ngapi."

Mdogo akanishika makwapani akaninyanyua. Ana nguvu, amebeba zege tangu utoto. Kanga ikachanika. Vidole vyangu vikaanza kuuachia ule mti, kimoja kimoja. Nikamng'ata mkono, hapa chini ya kidole gumba, nikahisi damu, naye akaniachia. Alama anayo mpaka leo. Akakaa chini kwenye udongo wa kisima akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watu.

"Umemwacha," alisema. "Umemwacha, mama. Ulisema wewe mwenyewe kwamba ndugu haachwi."

Nikamwambia akate matawi ya mwarobaini. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Mke wa mzee wa mashine, yule aliyezima mtungi wa gesi shuleni, ndiye aliyekumbuka. Akachukua panga akakata, akafunga kwenye kamba, wakawa wanashusha na kupandisha kando yangu, yeye na mkwe wangu, majani yanakwaruza ukuta. Walifanya vile bila kupumzika.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu. Wao walikuwa wanapiga kelele, lakini mimi nilikuwa juu ya mdomo wenyewe, na kisima hupandisha sauti. Nilimsikia mwanangu akikoroma. Mkoromo wa usingizi mzito, kama alivyokoroma alipokuwa mdogo akiwa na mafua. Alikoroma muda. Kivuli cha mwarobaini kilikuwa kwenye jiwe la kufulia. Kilipovuka lile jiwe, mkoromo ulikuwa unakatika na kurudi. Kilipofika kwenye banda la kuku, haukurudi tena. Nilikuwa bado nimekaa. Kama ningemwambia mdogo wake kwamba nasikia, nisingemzuia kwa meno wala kwa kitu chochote. Kwa hiyo nilinyamaza, nikasikiliza peke yangu.

Zimamoto walifika baada ya hapo. Sikusikia king'ora, niliona tu watu wanapisha. Yule msichana mwembamba alinijia moja kwa moja.

"Bibi, ameshuka wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Sasa toka, bibi. Hapa ni petu."

Ndipo nikatoka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, walinibeba. Walisimamisha vile vyuma vitatu ambavyo nilivichekea siku ya punda. Wakashusha kwanza kifaa kidogo cha kupima hewa kwa uzi. Hakikufika hata nusu, kikaanza kulia, kilio chembamba kisichokatika, kama kifaranga kilichokanyagwa. Watu waliokuwa wanajiita wanaume wakarudi nyuma hatua mbili. Msichana akavaa mtungi wa hewa mgongoni na barakoa usoni, akashushwa. Kwenye kamba yao nao wana namna yao ya kuitana, wanavuta mara moja, mara mbili. Nikaona kumbe hata wao wana "uko, niko" yao.

Alimpandisha mwanangu akiwa amemfunga kifuani kwake, kama mtoto anayebebwa mbele. Wakambonyeza kifua pale pale kwenye mahindi yangu yaliyomwagika, wakampa hewa, wakabadilishana, jasho linawadondoka. Hawakuharakisha kuacha. Walipoacha, nilijua kabla hawajasema.

Msichana alivua barakoa. Akaokota kipande cha mkaa kwenye ndoo.

"Nani alimwambia ashushe mkaa?"

Mkwe wangu akatazama chini.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja anikaripie. Ningependa anikaripie. Alikitupa kile kipande, akasema polepole, ili mdogo naye asikie: "Bibi, ungemwachia huyu ashuke, leo ningepandisha wawili."

Mdogo alisikia. Akaokota kiatu chake akaondoka.

Tulizika. Tulikaa matanga. Mdogo alihamia chumba cha kupanga mjini. Alikuwa akija mwisho wa mwezi na unga kwa ajili ya watoto wa kaka yake, anasimama mlangoni, "Shikamoo, mama," "Marahaba," basi. Alikuwa hanitazami usoni. Sikumlaumu. Kila mtu aliyeniona njiani alinionea huruma au aliniogopa, na mimi nikapika, nikafua, nikalea wajukuu. Kisima tulikifunika kwa zege. Hakikupata maji.

Kiangazi kilichofuata yule msichana alikuja na mwenzake. Wanapita nyumba kwa nyumba kukagua visima, alisema, lakini watu wanawafungia milango, wanadhani ni mambo ya faini. Akaniomba nitembee nao. Nilikataa. Alirudi siku ya pili, nikakataa. Siku ya tatu nilivaa kanga nikatoka. Hakunipa maneno ya kunifariji, ndiyo maana nilikwenda. Tulipofika kwenye mlango mimi ndiye niliyebisha. Sikuhutubia mtu. Nilisema tu, "Nionyesheni shimo lenu," wakanionyesha. Wengine walinionyesha huku wakijikinga na macho yangu. Si neno. Shimo likifunikwa kwa hofu limefunikwa.

Mzee wa mashine hakutufungulia.

Naye alikuwa anachimba. Nilisikia sururu upande wa pili wa ukuta miezi miwili. Halafu siku moja niliisikia sauti ninayoijua, ya chuma kinachogonga mwamba. Kesho yake lilipita kwake toroli la mkaa, magunia matatu. Nilimwita juu ya ukuta.

"Mzee, usifanye hivyo."

"Bibi, mimi nitangoja siku nne. Wewe ulingoja moja. Kila mtu ana hesabu yake."

Usiku ule sikusikia harufu ya kitu. Nililala macho wazi. Siku zilivyokwenda nikawa nasikia upande wa pili, pa! na baada ya muda, pa! Asubuhi ya siku ya nne niliona vibarua wawili wakiingia na ndoo na kamba. Nikamwambia mkwe wangu apige simu zimamoto, kisha ampigie shemeji yake. Nikachukua kigoda changu.

Geti lake lilikuwa wazi kwa ajili ya vibarua. Nilipita katikati ya watu bila kusalimia, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani mwangu, nikaweka kigoda juu ya mbao za kisima chake, nikakaa. Kibarua mmoja alikuwa ameshavua shati.

"Bibi, hapa ni kwangu!" mzee alifoka. "Shimo ni langu, mwamba ni wangu! Hakuna mtu ndani, unamkalia nani?"

"Ndiyo maana nimewahi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Niliona ana panga mkononi na anautazama mti wa mwarobaini.

Mzee akamwambia kibarua aninyanyue. Kibarua akasitasita. Mzee mwenyewe akakunja mikono ya kanzu, akaja. Hapo mwanangu mdogo akaingia getini akihema, bodaboda imemshusha. Akaniona nilivyokaa. Nilimwona akisimama, na usoni pake yakapita yote ya siku ile, nikadhani atageuka aondoke. Akaja akasimama kati yangu na mzee.

"Usihangaike, mzee. Huyu hatoki," alisema, akanyoosha mkono wake, akamwonyesha ile alama chini ya kidole gumba. "Mimi nilimjaribu."

Akaketi chini kando ya kigoda changu. Tukangoja hivyo. Mwarobaini wa kule una kivuli kifupi. Safari hii gari la zimamoto halikuchelewa.

Msichana mwembamba akafunga kile kifaa kwenye uzi, akaniomba nisogeze mguu, akakishusha. Sote tukainama kutazama, hata mzee wa mashine, hata kibarua aliyevua shati. Kilipita mwanga, kikaingia kwenye giza. Kwa muda hakikusema lolote, na mzee akaanza kutabasamu, akafungua mdomo anieleze.

Kikalia.